Filamu ya Giza na Gemu ya Mkakati: Kesi Iliyosikilizwa Barazani Makadara

Jioni moja, baada ya sala ya Isha, baraza letu la Makadara, hapa Mombasa, liligeuka mahakama. Mshtakiwa alikuwa mpwa wangu, mwanafunzi wa kidato cha tatu, na mashtaka yalikuwa mawili: kwanza, ameitazama kwa mara ya nne filamu ambayo yeye mwenyewe anaiita ya giza, pili, anadunduliza akiba ya kununua gemu ya mkakati ambayo hata haijatoka. Mzee wa kwanza akasema filamu za giza ni za mashetani, na ndiyo maana watoto hawalali. Wa pili akasema gemu zote ni kamari, tena zimewamaliza vijana wa mji huu. Wa tatu alikuwa ameshajiaminisha kwamba filamu na gemu hiyo ni kitu kimoja, ila kinauzwa mara mbili. Kijana akajaribu kujitetea, lakini maneno aliyoyatumia yalizidisha mashaka, kwa sababu alitaja giza, vita, kuteka na kuua, yote katika pumzi moja.

Mimi ni mjomba wake, na usiku ule sikusema mengi. Makala haya ndiyo utetezi ambao ningeutoa kama wazee wangekuwa na subira ya kuusikiliza, na kama mimi ningekuwa nimeyapanga mawazo yangu.

Tuanze na maneno yenyewe. Filamu ya shujaa wa ajabu ni ile ambayo mhusika wake mkuu hupambana na uhalifu akiwa na uwezo unaowapita watu wa kawaida, uwe wa kuzaliwa nao au wa kujitengenezea, na mara nyingi hufanya hivyo akiwa ameficha sura na jina lake. Filamu hiyo ikiitwa ya giza, neno hilo halielezi mwanga wa picha wala halitaji majini. Linaeleza hali ya hadithi: shujaa anaweza kukosea, wema unaweza kushindwa, na hata ukishinda unalipiwa gharama ambayo mtazamaji anatoka nayo ukumbini. Gemu ya mkakati nayo ni mchezo wa kompyuta ambao ushindi wake hutokana na kupanga, kugawa mali na kumsoma mpinzani kuliko wepesi wa vidole. Filamu hutazamwa na gemu huchezwa. Zipo filamu zilizozaa gemu na gemu zilizozaa filamu, lakini hivi viwili anavyovipenda mpwa wangu havina uhusiano wowote wa kibiashara, kwa hiyo hoja ya mzee wa tatu tuiweke kando.

Filamu aliyoitazama mara nne ni The Dark Knight ya mwongozaji Christopher Nolan, iliyotoka mwaka 2008. Wako watakaoshangaa kwamba kijana ambaye hakuwa amezaliwa wakati huo anaishangilia leo, ila kwa wapenzi wa aina hii filamu hiyo imekuwa kipimo. Kila filamu mpya ya shujaa ikitoka, huulizwa kama imeifikia. Iliingiza zaidi ya dola bilioni moja duniani kote, na Heath Ledger, aliyeigiza adui aitwaye Joker, alipewa tuzo ya Oscar mwaka 2009 ilhali alikuwa amefariki dunia Januari 2008, miezi kadhaa kabla filamu haijaonyeshwa. Msiba huo uliongeza uvumi kwamba filamu yenyewe ina laana, na uvumi una miguu mirefu kuliko habari.

Anayetafuta mashetani humo atarudi mikono mitupu. Batman, shujaa wa filamu hiyo, hana nguvu yoyote ya ajabu; ni tajiri aliyefiwa na wazazi wake utotoni, ana mazoezi, vifaa na hasira. Joker hana uchawi. Tukio la kwanza kabisa, la wizi wa benki, hutokea mchana kweupe. Giza lake liko mahali pengine, na asiyeitazama bado anaweza kuiruka sentensi ifuatayo: mwendesha mashtaka mwadilifu, anayetegemewa na mji mzima kuusafisha, anaunguzwa nusu ya uso, anampoteza mwanamke aliyempenda na anageuka muuaji, na shujaa, ili watu wasikate tamaa, anaamua kuibeba aibu ya makosa ambayo si yake, kisha anakimbia akifukuzwa na mbwa wa polisi.

Haikuwa hivi tangu mwanzo. Batman alibuniwa na Bob Kane na Bill Finger mwaka 1939 katika majarida ya katuni ya Marekani, na hadithi zake za awali zilikuwa na ukali wake. Mwaka 1954, baada ya wazazi na baadhi ya wataalamu kulalamika kwamba katuni zinawaharibu watoto (wazee wetu wangejisikia nyumbani kabisa katika vikao vile), wachapishaji walijiwekea kanuni zilizotaka wema ushinde kila mara na mhalifu aadhibiwe bila mtu kumwonea huruma. Matokeo yake ni kwamba kufikia mwaka 1966 Batman wa televisheni alikuwa mtu wa kuchekesha, aliyevaa nguo za kubana na kutoa mawaidha. Mwaka 1986 mwandishi na mchoraji Frank Miller alimrudisha akiwa mzee, mchovu na mwenye ghadhabu, na tangu hapo giza likawa mtindo unaotambulika. Nolan alikuja kuvuna shamba lililokwisha kulimwa.

Na sisi watu wa pwani ndio wa mwisho kustahili kushangaa. Fumo Liyongo, ambaye bibi zetu walitusimulia habari zake, alikuwa na kila sifa ya shujaa wa ajabu: nguvu zilizotisha wafalme, silaha zisizomdhuru, na siri moja tu ya udhaifu wake. Lakini nani alimuua? Mwanawe wa kumzaa, aliyeahidiwa makubwa na mtawala wa Pate, ndiye aliyemchoma sindano ya shaba kitovuni akiwa usingizini. Liyongo alijikokota hadi kisimani, akapiga goti, akautia mshale kwenye uta, akafa akiwa katika hali hiyo hiyo, na watu wakakosa kuteka maji kwa siku kadhaa wakidhani yu hai na ana hasira. Hakuna wema ulioshinda hapo. Usaliti umeshinda, mtoto ameipoteza nafsi yake, na mji umebaki na kiu. Kama hilo si giza, basi neno hili sijui tulihifadhie nini.

Jambo moja nawakubalia wazee: giza si la kila umri. Hapa kwetu Bodi ya Uainishaji wa Filamu Kenya huziweka filamu katika madaraja, kuanzia zile za watu wote, zile zinazohitaji mwongozo wa mzazi, hadi zile za kuanzia miaka 16 na za kuanzia miaka 18. Alama hiyo inapaswa kutazamwa kabla ya tiketi kukatwa, kwa sababu filamu za giza zenyewe hazilingani. The Dark Knight ilipotoka Uingereza ilipewa daraja lililoruhusu hata watoto wa chini ya miaka 12 kuingia wakiwa na mtu mzima, na wapo walionung'unika. Ilhali filamu ya mwaka 2019 iliyomhusu Joker peke yake ilizuiliwa Marekani kwa walio chini ya miaka 17 wasioandamana na mzazi. Mhusika ni yule yule na giza ni la jamaa moja, lakini uzito ni tofauti kabisa. Tatizo la mitaani kwetu ni kwamba wengi huziona filamu hizi kwenye kumbi ndogo za video, zikiwa zimetiwa juu yake sauti ya DJ anayesimulia kwa Kiswahili cha utani, na humo alama ya umri haionekani. Kicheko cha msimuliaji kinaweza hata kumfanya mtoto aone mauaji kuwa mzaha, jambo ambalo filamu yenyewe haikukusudia. Kama wazee wanatafuta pa kuuelekeza ukali wao, hapo pangewafaa zaidi.

Sasa tuje kwenye gemu, ambako mkanganyiko ni mkubwa zaidi, na ambako jibu lilikuwa limewekwa mbele yetu barazani usiku ule ule, juu ya jamvi: bao. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Kila mchezaji huanza na kete 10 ubaoni na 22 mkononi, na katika awamu ya namua huziingiza moja moja mpaka ziishe, ndipo mchezo uingie katika awamu ya mtaji. Mchezaji mahiri hashindi kwa bahati, kwa sababu hakuna dadu na hakuna kilichofichwa. Anashinda kwa kuona mbele, kwa kuilinda nyumba yake, yaani shimo lake kuu, hadi wakati unaofaa kuitumia, na kwa kukubali kupoteza kidogo sasa ili ale zaidi baadaye. Mzee aliyeziita gemu za mkakati kamari alikuwa, wakati akisema hivyo, ana kete mkononi.

Gemu za mkakati zina koo mbili. Ukoo wa kwanza ni wa zamu, kama bao lenyewe: wewe unacheza, kisha mimi nacheza, na hakuna anayeharakishwa. Mfano wake mashuhuri ni Civilization, iliyoanza mwaka 1991, ambamo mchezaji huanza na kundi dogo la watu mnamo mwaka 4000 kabla ya Kristo na kuliongoza kupitia kilimo, maandishi, biashara, vita na sayansi hadi zama zetu na zaidi. Katika toleo lake la sita, Zanzibar imo kama mji unaojitegemea, na anayefanikiwa kuwa rafiki yake mkuu hupata mdalasini na karafuu, bidhaa ambazo hazipatikani pengine popote katika ramani. Nilipomwonyesha hilo jirani mmoja mwenye asili ya Unguja, alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu mjadala uanze.

Ukoo wa pili ni wa wakati mmoja, ambamo hakuna zamu, na pande zote hutenda kwa pamoja bila kusubiriana. Kuuelewa, mtazame mama anayeuza mahamri na mbaazi alfajiri. Unga, mafuta na makaa yake vina kiasi, na kila shilingi anayoitumia kwa kimoja haipo tena kwa kingine. Anaweza kumtuma msaidizi akaongeze makaa, lakini hapo mstari wa wateja unabaki na mikono miwili tu. Akikaanga mengi mno, yatapoa. Akikaanga machache, wateja watavuka barabara kwa jirani yake, ambaye sufuria yake haioni lakini lazima akisie kilichomo. Wakati anafikiri, mafuta hayamsubiri. Ondoa mahamri, weka ngano, mbao na dhahabu. Ondoa msaidizi, weka wakulima na askari. Mdomoni mwa mto weka adui anayejenga ngome: hiyo ndiyo gemu ya mkakati ya wakati mmoja. Umbo lake lilitulia mwaka 1992 katika gemu ya Dune II, na mfululizo wa Age of Empires, ulioanza mwaka 1997, uliipeleka kwa mamilioni ya wachezaji.

Sufuria ile isiyoonekana ina jina lake katika gemu hizi: ukungu wa vita. Ramani yote imefunikwa, nawe unaona tu pale walipo watu wako, kama mtu anayetembea katika vichochoro vya Mji wa Kale asijue kona inayofuata ina nani. Hapa ndipo gemu hizi zinapoachana na bao, ambalo kila kete yake iko wazi. Kwa hiyo kupeleleza kuna thamani, na anayejenga jeshi kubwa bila kujua mwenzake amejenga nini kwa kawaida hujuta, kwa maana kila askari ana mbabe wake: mwenye mkuki humshinda mpanda farasi, mpanda farasi humshinda mpiga upinde, na mpiga upinde humshinda mwenye mkuki. Hakuna jeshi bora la jumla. Lipo tu jeshi linalofaa dhidi ya lile lililo mbele yako.

Asiyeridhika na mifano ya jikoni na aende Fort Jesus. Waomani waliizingira ngome ile kuanzia mwaka 1696 hadi mwaka 1698, karibu miaka mitatu, na Wareno pamoja na wenyeji waliokuwa upande wao hawakumalizwa na mizinga. Njaa na maradhi ndivyo vilivyowamaliza, huku misaada kutoka ng'ambo ikichelewa au ikija haba. Mchezaji yeyote wa gemu za mkakati angeitambua hali ile kwa haraka: kuta nene, ghala tupu, na njia ya bahari iliyo mikononi mwa mwingine. Mji wetu, kwa bahati, umeingia hata katika gemu zenyewe. Mfululizo wa Halo una mji wa kubuni uitwao Mombasa Mpya, ambao ulionekana katika toleo la mwaka 2004 na kuwa uwanja mkuu wa toleo jingine la mwaka 2009. Matoleo hayo ni ya kulenga na kupiga risasi, si ya mkakati, lakini vijana hapa huyataja kwa fahari kana kwamba wamealikwa harusini.

Kuhusu kamari, mzee wa pili hakukosea kwa yote. Wapo vijana wanaowekeana dau juu ya mechi za kandanda katika vibanda vya PlayStation, na hiyo ni kamari, lakini kosa liko katika dau na si katika mchezo, kama vile bao nalo lingeweza kuwekewa dau. Pia zipo gemu zinazouza visanduku vya kufumba, ambavyo mnunuzi hulipa bila kujua atapata nini ndani, na Ubelgiji ilitangaza mwaka 2018 kwamba aina fulani za visanduku hivyo zinavunja sheria zake za kamari. Mzazi anayo haki ya kuuliza kama gemu inayosubiriwa nyumbani kwake ina kitu cha namna hiyo. Ana haki pia ya kuhesabu saa, kwa kuwa Shirika la Afya Duniani limeutambua uraibu wa gemu katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika mwaka 2022. Hata hivyo, sharti lake ni zito: mtu awe ameshindwa kabisa kujizuia hadi masomo, kazi au uhusiano wake na watu umeharibika, na kwa kawaida hali hiyo iwe imedumu kwa mwaka mzima. Kijana anayecheza sana wakati wa likizo hajafika huko.

Limebaki neno moja linaloleta hasara ya fedha, nalo ni "inakuja". Gemu ikitangazwa, kinachoonyeshwa kwanza ni kionjo, na vionjo vingi vya mwanzo ni filamu fupi zilizochorwa na wasanii ili kuamsha hamu. Havionyeshi mchezo wenyewe utakavyokuwa. Kati ya tangazo na siku ya kutoka kunaweza kupita miaka. StarCraft II ilitangazwa mwaka 2007 ikatoka mwaka 2010. Age of Empires IV ilitangazwa mwaka 2017 ikatoka mwaka 2021. Gemu za mkakati huweza kuchukua muda mrefu kwa sababu ya ile mizani ya mkuki, farasi na upinde: kila askari mpya akiongezwa, lazima apimwe dhidi ya wote waliopo, la sivyo wachezaji wote wataishia kutumia mmoja tu na mchezo utakufa. Kulipia gemu mapema, kwa hiyo, ni kulipia samaki wakiwa bado baharini. Huenda ngalawa ikarudi imejaa, lakini samaki wa kidijitali hawamaliziki sokoni, na sababu ya kukimbilia sioni.

Mpwa wangu aliwahi kulipa shilingi 500 katika duka moja la mjini, ambalo silitaji, kwa diski ya gemu ambayo watengenezaji walikuwa hawajaikamilisha. Ndani alikuta gemu ya miaka mingi nyuma iliyobandikwa picha mpya. Kitu ambacho hakijatoka hakiuzwi kichochoroni. Na hata siku itakapotoka, gemu nyingi za aina hii hutengenezewa kwanza kompyuta yenye kipanya na kibodi, kwani amri ni nyingi mno kwa padi ya kushika mikononi, kwa hiyo kompyuta chakavu ya saiba inaweza kushindwa hata kuifungua.

Basi ni kwa nini kijana mmoja apende vyote viwili? Jibu langu limo katika tukio moja la filamu ile, ambalo mtu wa Mombasa hawezi kulitazama kama mtu wa mji mwingine. Feri mbili ziko majini usiku. Moja imebeba raia wa kawaida, nyingine imebeba wafungwa na walinzi wao. Joker ameweka bomu katika kila feri, na abiria wa kila feri wamepewa kibonyezo cha bomu lililo katika feri nyingine. Wakibonyeza, watapona wao na wenzao watakufa. Ikifika saa sita ya usiku hakuna aliyebonyeza, atawalipua wote. Katika mji unaovuka Likoni kwa feri kila siku, na ambao haujausahau msiba wa feri ya Mtongwe wa mwaka 1994, kimya huingia chumbani wakati huo.

Tukio hili ni gemu ya mkakati kamili, ya wakati mmoja, yenye ukungu. Tuihesabu kama wachezaji. Ikiwa wenzetu watabonyeza kwanza, tumekwisha, hata tungekuwa na nia gani. Ikiwa hawatabonyeza, nasi tusibonyeze, tumekwisha saa sita. Katika kila hali, hesabu baridi inasema kubonyeza hakutupunguzii chochote, na kunaweza kutuokoa. Wataalamu wa nadharia ya michezo, elimu iliyopata msingi wake katika kazi ya John von Neumann na Oskar Morgenstern ya mwaka 1944, hutumia miaka wakichambua mitego ya aina hii, ambamo kila upande ukifuata akili yake peke yake, pande zote huishia pabaya. Raia wanapiga kura, na wengi wanaunga mkono kubonyeza. Lakini inapofika zamu ya mkono kushuka, hakuna mkono unaoshuka. Katika feri ya pili mfungwa mmoja mwenye kimo cha kutisha anakichukua kibonyezo kutoka kwa mlinzi, na kila mtazamaji anaamini kwamba amejua kitakachofuata. Anakitupa dirishani.

Nilimuuliza mpwa wangu kwa nini analirudia tukio hilo ilhali anajua mwisho wake. Akasema kwamba katika filamu yule mfungwa amekwisha kuamua na hawezi kuamua vingine, hata ukimtazama mara kumi. Katika gemu anayoisubiri, kibonyezo kitakuwa mkononi mwake. Mzee wa bao, aliyekuwa amejifanya hasikii, alinyanyua kichwa akamwambia avute kigoda, zamu inayofuata ni yake.